Kitambaa cha Bibi Juu ya Diski

Mkija kunitembelea hapa Tanga, kitu cha kwanza mnachokishika ni kile kisahani cha kung'aa kilicho juu ya kabati langu. Mnajitazama meno, mnatengeneza nywele, kisha mnaniuliza: "Babu, hiki ni kioo cha nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeamua kuandika mara moja, msome wote, na atakayeuliza tena nitamwonyesha karatasi hizi.

Hicho si kioo. Ni sahani ya ndani ya diski ya kompyuta. Juu ya uso huo unaowaonyesha meno yenu paliandikwa harusi, mahafali, watoto wakijifunza kutembea, na sauti ya bibi mmoja ambaye nitawaeleza habari zake. Nimekitazama kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia, juani na kivulini. Huoni hata alama moja ya hayo yote. Nimefanya kazi na vitu hivi miaka mingi, na hadi leo nikikiinua asubuhi kukipangusa, mkono unaniingia woga kidogo, kama mtu aliyeshika kitu cha watu.

Mimi shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Gari la mafundi wa simu lilisimama nje ya uzio, wakaomba mtu wa kushikilia ngazi. Nikashika. Walipohamia nguzo ya pili nikahamia nao, nikitaka kujua sauti inapitaje kwenye waya uliokaza bila tundu. Jioni tulikuwa Muheza. Daftari langu labda liko darasani mpaka leo.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikaa Mombasa kwenye kiwanda cha biskuti, nikakaa Maskati nikiosha magari, kisha nikaingia Doha kubeba saruji. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa mashine iliyokuwapo inafanyaje kazi, nikishaelewa miguu ikaanza kuwasha. Diski peke yake ndiyo iliyonishika, kwa sababu sikuwahi kuielewa yote.

Aliyenionyesha diski alikuwa Otieno, Mkenya wa Kisumu. Alianza kwa kulinda mlango wa jengo moja refu la West Bay, na kompyuta alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa mafundi waliokuja kutengeneza za ofisini. Nilipokutana naye alikuwa na meza yake kwenye duka la kompyuta huko Sanaiya, ndilo eneo la viwanda, nyuma ya watu wa matairi. Mimi nililala kambini, mitaa miwili kutoka hapo, na siku za Ijumaa nilikwenda kumtazama akifanya kazi. Ijumaa ya nne akachoka kutazamwa. Akaniwekea diski mbili mezani, zote zinazunguka, akanipa bisibisi ndefu.

"Weka ncha hapa, mpini kwa sikio. Unaskia nini?"

"Kama mtu anapepeta mchele."

"Huyo ni mzima. Sasa skiza huyu."

Ya pili ilikuwa inagonga. Tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik, kimya.

"Huyu je?"

"Kama mtu anabisha hodi na hafunguliwi."

Otieno akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Buda, wewe umeajiriwa. Bado mudir wa hii duka tu kujua."

Alinieleza kwamba ndani ya diski mna mkono mdogo unaosoma sahani, na mkono huo hauigusi sahani hata siku moja. Unaelea juu yake, karibu kuliko unene wa unywele, na sahani yenyewe inazunguka mara nyingi kuliko feni yoyote mliyowahi kuiona. Nilimwambia ananidanganya. Akafungua diski iliyokufa akanionyesha. Nikakaa nayo mkononi mchana mzima. Nilikuwa nimebeba matofali ya watu kwa muda mrefu, sikujua kuna mtu mahali fulani amekaa akatengeneza kitu kama hicho, tena cha kuuzwa dukani karibu na birika za umeme.

Zile za hewani zilipoanza kuja, tukaziita diski za waifai. Kilikuwa kisanduku kama kamusi nene, kina waya wa umeme na hakina waya mwingine. Unakiweka popote nyumbani, na kila kompyuta ya nyumba hiyo inaweka vitu vyake humo na kuvichukua, hata ikiwa chumba cha mwisho. Ya kwanza ilitufikia ikiwa imevunjika ganda. Otieno akanipa niende nayo kambini, niijue kabla sijamharibia mteja.

Nikailaza juu ya kabati la chuma. Chumba chetu tulikuwa watu kumi wa nchi nne, na laptopu tatu, moja ikiwa haina kifuniko. Nikawaambia majirani wa korido, kwa Kiarabu changu cha Maskati na Kiingereza cha mikono: weka kitu, yeyote atakiona. Kufika saa nne asubuhi ya Ijumaa ile, Mnepali mmoja alikuwa ameweka picha za binti yake, Mganda kaweka mahubiri, na mtu wa chumba cha mwisho kabisa, ambaye sura yake siijui mpaka leo, akaweka video ya ng'ombe wa kwao akizaa. Basi kila mwenye kompyuta akaifungua, na waliobaki wakasimama nyuma yake. Ndama alipoanguka chini, kelele za furaha zikatoka vyumba sita kwa pamoja. Nilitoka koridoni nikasimama katikati. Huku kelele, huku kelele, na hapo nilipo mimi, hewani, hakuna kitu. Ndama yule alikuwa amepita kifuani kwangu mara sita.

Msidhani nilikuwa hodari. Nyumba ya kwanza niliyotumwa peke yangu ilikuwa kule The Pearl, kwenye kile kisiwa kilichojazwa mchanga kikapandwa majumba. Nilihangaika nusu siku. Diski chumbani, kompyuta sebuleni, na katikati hakuna kinachopita. Nilibadilisha kila kitu kinachobadilika. Mwisho nikampigia Otieno, akaja, akasimama mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Hapo katikati kuna nini?"

"Samaki." Palikuwa na tangi la samaki kubwa kuliko kitanda changu, limejengewa ukutani.

"Na samaki wako ndani ya nini?"

"Maji."

"Basi hao samaki wanakunywa waifai yako. Hamisha diski, twende."

Maji yanameza mawimbi, vijana. Vioo vikubwa vinayarudisha yalikotoka. Na kwa kuwa mwili wa mtu nao ni maji matupu, sebule ikijaa wageni diski inapungua nguvu. Niliposikia hilo nilijitazama mikono. Tangu siku hiyo nikiingia nyumba ya mtu natafuta kwanza maji, vioo na jiko la mawimbi, halafu ndipo nafungua boksi.

Jambo jingine Otieno alilonipigia kelele ni vumbi. Doha ina vumbi laini kama unga wa dona uliosagwa mara mbili, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Kompyuta nyingi tulizofungua zilikuwa zimevaa blanketi la vumbi ndani, zikafa kwa kukosa hewa. Nami nikalibeba somo hilo kama mtu aliyesilimu jana. Kila nyumba nilihubiri vumbi, vumbi, vumbi. Mtu akijua jambo moja tu husema hilo moja kila mahali.

Ndivyo nilivyofika kwa Dokta Rahma.

Alikuwa daktari wa watoto, Mmanga wa Maskati, lakini mama yake alizaliwa na kukulia Unguja, na nyumba nzima ilisema Kiswahili jikoni na sebuleni. Mama huyo ndiye Bibi Zuwena. Alikuwa mzee sana, miguu imeshakataa, anashinda kwenye kiti karibu na dirisha na kulabu yake ya kufumia. Dokta alikuwa amemleta Mwanaidi kutoka Makunduchi makusudi, amtunze Bibi na azungumze naye. Mwanaidi alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, na kila akiitwa na Bibi alijibu "Labeka!" hata akiwa na chumvi mkononi.

Niliingia na boksi langu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tanga, Bibi."

"Ah! Basi wa kwetu. Kidude gani hicho?"

Nikamweleza kwamba picha zote za nyumba zitakaa humo. Akatazama waya mmoja ule, akautazama tena.

"Na zinaingiaje? Mbona sioni kamba?"

"Zinapita hewani, Bibi."

"Hewani wapi? Hapa?" Akanyoosha mkono mbele yake, akaupitisha taratibu kama anayepima maji ya kuoga. "Hapa hapa nilipo mimi?"

"Hapo hapo."

"Subhanallah." Akaurudisha mkono haraka. "Nisije nikamkata mtu kichwa."

Dokta alikuwa amesimamisha kamera yake mpya juu ya meza, tayari kwa majaribio. Kabla sijamwamkia Bibi simu ilikuwa imelia, akaenda kupokea chumba cha ndani, akakawia. Mimi nikaendelea kufunga diski ndani ya kabati la runinga, na Bibi akaendelea kunihoji. Akaniuliza: kila kitu kina kitu kinachokiogopa, kidude hiki kinaogopa nini?

"Vumbi, Bibi," nikamwambia. "Vumbi ndilo adui yake mkubwa."

Akatikisa kichwa, akaangalia uzi wake. Akasema basi atakifumia kitambaa, Mwanaidi akifunike nacho. Nikasema vyema, Bibi. Vijana, nilisema vyema! Nyuma ya kidude kile palikuwa na matundu na feni ndogo, kilikuwa kinapumua kama mimi na ninyi, na sikumwambia. Nilikuwa na haraka ya kumaliza.

Dokta aliporudi nikamwonyesha namna ya kuhamisha vyote vya kwenye kamera kwenda kwenye diski. Vikapita hewani mbele ya macho yetu. Nikamwambia kwa kiburi cha fundi mpya: "Sasa futa kadi ya kamera, Dokta. Kila kitu kiko salama humu." Akafuta. Nikanywa chai nikaondoka.

Ulikuwa mwezi wa Agosti wa mwaka uliofuata Dokta alipopiga simu dukani. Sauti yake nilidhani ya mtu mwingine. Bibi Zuwena alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Dokta alisafiri wiki mbili, akaagiza AC za sebuleni zizimwe asipokuwepo, na aliporudi akataka kuangalia picha za mama yake. Diski haikujibu. Alipofungua kabati alikikuta kisanduku kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na alipokigusa kiliunguza vidole kama kikaango.

Nilipofika, kitambaa kilikuwa mezani na Mwanaidi amesimama kando yake kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Kitambaa hiki ndicho cha mwisho alichofuma mama yangu," Dokta aliniambia. "Nimekitafuta miezi bila kumwuliza mtu. Kumbe huyu amekwenda kufunikia mashine, na mashine imekufa. Nimemwuliza nani kakifunika, kasema mimi. Basi. Jumatatu anakwenda kwao, tiketi nimeshakata."

"Picha hukuziweka pengine, Dokta?"

"Picha ninazo nyingi, jamaa wanazo. Sauti ndiyo sina. Ile siku ya kwanza uliyokuja, nilimpiga video kwa kamera mpya. Niliitazama mwanzo tu, alipokuwa hai sikuona haja ya kuendelea, na alipokufa sikuweza. Imo humo. Kadi nilifuta, wewe ndiye uliyeniambia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma kipimo cha mgonjwa.

Nikaomba maji ya kunywa ili nimfuate Mwanaidi jikoni.

"Dada, mbona hukumwambia kwamba ni Bibi aliyeagiza kifunikwe?"

Alikuwa anaosha glasi iliyokuwa safi. "Marehemu hasemwi, kaka Shabani. Nimwambie mtu aliyefiwa kwamba mamake ndiye aliyeharibu? Ataishi vipi na neno hilo? Mie naweza kurudi Makunduchi. Nitapata wapi kazi nyengine Mungu anajua, na mwanangu yuko kidato cha tatu, lakini kurudi naweza."

"Lakini mimi ndiye niliyemwambia Bibi habari za vumbi."

Akanipa glasi. "Basi hilo la kwako. Useme mwenyewe, ukitaka."

Sikusema. Wakati ule kafili wangu, yaani mdhamini aliyeshika kibali changu, hakuwa mtu wa kusikiliza malalamiko ya mteja mara mbili. Simu moja ya daktari ningerudi Tanga kabla ya Mwanaidi. Nikajiambia nitasema nikishamaliza kazi. Neno hilo, "nikishamaliza", ndilo lililoniweka macho mpaka Jumamosi. Msilizoee.

Nikamwita Otieno, akaja akasikiliza kisanduku kwa bisibisi. "Iko na homa," alisema. "Ikipoa inasoma kidogo, ikipata moto inagonga. Hii haitaki fundi, inataka baridi. Na si baridi ya friji, hapana, ikitoka huko na hii unyevu ya Agosti inajaa maji. Inataka chumba kibaridi, na mlango umefungwa kabisa."

Duka letu lilikuwa na AC iliyokohoa tu. Tena Dokta hakutaka diski itoke nyumbani mwake. Basi Jumamosi asubuhi tukafanyia kazi chumbani kwa Bibi, chumba kidogo chenye sakafu ya marumaru na AC mbili. Tukaziwasha zote hadi mwisho, tukazisubiri saa nzima. Diski tukaitoa ndani ya ganda lake, tukailaza juu ya marumaru, tukaielekezea feni, tukaiunga kwa waya kwenye laptopu. Waifai haina kazi kwa mgonjwa. Mgonjwa hulishwa kwa mkono.

Mwanaidi akaingia na mataulo ya kuziba chini ya mlango ili hewa ya nje isipenye. Akayasokomeza, akageuka atoke.

"Wewe unaenda wapi?" Otieno akamwuliza. "Ukifungua hiyo mlango, maji inaingia. Hakuna mtu anatoka mpaka tumalize."

Mwanaidi akamtazama Dokta. Dokta akatazama ukuta. "Kaa," akasema.

Tukakaa wanne. Nje, watu wa ujenzi walikuwa wanajimwagia maji kichwani. Ndani, Dokta Rahma alikuwa amevaa koti lake la safari za Ulaya, Mwanaidi kajifunika kanga mbili na shali la sala, na Otieno, mtu mzima mwenye ndevu, kajitanda blanketi la watoto lenye picha za sungura.

"Usinicheke," akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Macho yako inasema."

Programu yetu ilikuwa inanakili vipande vidogo vidogo, ikikwama inaruka mbele, ikirudi baadaye kujaribu tena. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga magoti kwenye marumaru na bisibisi sikioni. Ilipepeta mchele dakika kumi, kisha ikaanza kubisha hodi. "Zima!" Tukazima. Tukangoja ipoe. Tukawasha. Dakika nane. "Zima!" Sijui tulifanya mara ngapi. Niliigusa kwa nyuma ya vidole kama mnavyogusa paji la mtoto. Majina ya faili yakawa yanapita moja moja: harusi, mahafali, Idi. Dokta hakutikisika. Video ile ndefu ilipotokea kwenye orodha ndipo akasogea akachuchumaa karibu yangu, daktari mzima, magoti yake yanagusa sakafu.

"Ndiyo hiyo," akasema.

Ilisoma nusu ikaanza kugonga. Tukazima. Ikaongeza robo, ikagonga. Kila tulipoiwasha ilichukua muda mrefu zaidi kuamka, na nilijua, na Otieno alijua, kwamba kuna mara moja haitaamka. Mwanaidi alikuwa anasoma kitu kwa midomo bila sauti. Niliwaza: sema sasa, Shabani. Kisha niliwaza: nikishamaliza.

Mara ya mwisho ilizunguka dakika tatu tu. Mkono ule uliokuwa unaelea maisha yake yote ukaigusa sahani, nikasikia mkwaruzo nisiousahau, na diski ikanyamaza. Nikainua kichwa. Otieno alikuwa anatazama kioo cha laptopu.

"Imefika," akasema. "Mwisho mwisho hapo kuna mashimo, lakini imefika. Nifungue?"

Dokta aliitikia kwa kichwa.

Picha ilikuwa imeharibika. Vigae vya kijani na kijivu, kipande cha dirisha, kipande cha mkono wenye uzi, basi. Lakini sauti ilikuwa nzima. Kwanza Dokta mwenyewe: "Mama, nitazame." Kisha simu inalia, hatua zinaondoka. Kisha, ndani ya chumba kile cha baridi, chumba chake mwenyewe, Bibi Zuwena akakohoa.

Dokta akajishika mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Kamera haikuwa imezimwa. Tulisikia yote. Tulisikia habari za kamba, tukasikia Subhanallah ile, na "nisije nikamkata mtu kichwa," na Otieno aliyekuwa hajawahi kumwona Bibi akacheka kwa nguvu kisha akaomba radhi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajua kinachokuja, na hakuna mahali pa kwenda, mlango umezibwa kwa mataulo.

"Vumbi, Bibi," sauti yangu ikasema, changamfu, ya mtu anayejua kazi. "Vumbi ndilo adui yake mkubwa."

"Basi nitakifumia kitambaa. Na nikifa kabla, Mwanaidi atakifunika. Si utakifunika vizuri, Mwanaidi? Kisipate hata punje."

"Nitakifunika, Bibi."

"Vyema, Bibi," nikasema mimi kwenye laptopu.

Dokta aligeuka. Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Mwanaidi, muda mrefu, na Mwanaidi akainamisha macho kama aliyekamatwa akifanya jema. Kisha akanigeukia.

"Dokta," nikasema, "yule ni mimi."

"Nimesikia. Ningependa kinywa chako kiseme kabla ya mashine."

Niliwaza kwamba maneno yangu yale yalikaa mwaka mzima kwenye sahani inayong'aa, bila alama hata moja, yakiningoja. Kitu nilichokuja kukiokoa kwa mikono yangu ndicho kilichonishtaki, tena kwa sauti yangu mwenyewe. Nilistaajabu nikaogopa kwa pamoja, na sijawahi kukaa karibu na diski tangu hapo bila kuchunga ninachosema. Chekeni mtakavyo.

Video ilikuwa bado inaendelea. Vigae vya kijani vikahama. Bisibisi ikaanguka mahali. Kisha Bibi akaita, kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili:

"Mwanaidi! Huyu fundi mmempa chai?"

"Labeka, Bibi!" Mwanaidi akajibu, na alikuwa ameshasimama, kanga zimeanguka, kabla hajakumbuka ni mwaka gani.

Akabaki amesimama, mkono kifuani. Dokta Rahma alikuwa analia waziwazi, na usoni pake tabasamu lilikuwa limeanza.

"Umeitwa," akamwambia. "Nenda ukawapikie chai. Na Jumatatu huendi popote, labda uende sokoni."

Mwanaidi akayatoa mataulo chini ya mlango, moja moja, akayakunja kama kawaida yake. Alipofungua, joto la Agosti likaingia chumbani likatukumbatia wote, na Otieno akavua sungura zake. Dokta akachukua kitambaa cha mama yake, akakilaza juu ya magoti, akakinyoosha. Siku niliyoleta diski mpya, mbili safari hii, kila moja na nakala yake, alikitandika chini yake, na matundu ya nyuma nikayaacha wazi. Ile iliyokufa alinipa mimi, na upande wa sahani yake usiokwaruzwa ndio mnaojitazamia meno.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Dokta alirudisha video nyuma, akaanza upya, kisha upya tena, nasi tumekaa kwenye marumaru tukipata joto taratibu. Na kila Bibi alipofika pale pa kuuliza chai, sauti ilitujia kutoka jikoni, juu ya mlio wa birika:

"Inachemka, Bibi!"